Chunusi na Mzigo wa Mmoja

Neno chunusi lina maana mbili. Ya kwanza inamhusu kila kijana: ni vipele vinavyojitokeza usoni, mabegani na mgongoni wakati wa balehe. Ya pili wanaijua zaidi watu wa pwani na visiwani: ni jini la majini, ambalo watoto huonywa nalo wasiogelee peke yao penye kina, lisije likawashika mguu na kuwavuta chini mpaka pumzi ziwaishe. Kamusi huziweka maana hizi mbalimbali, kama majirani wasiojuana. Walakini yametokea mambo ambamo zilikutana katika mwili wa mtu mmoja. Kijana alikwenda kutafuta dawa ya chunusi za usoni, akapatwa na kile kinachokata pumzi.

Mwaka 2019 jarida la Pediatrics, linalosomwa na madaktari wa watoto nchini Marekani, lilichapisha taarifa ya vijana watano. Wote walikuwa wazima kabla ya hapo. Wote walikuwa wametumia dawa inayochanganya trimethoprimu na sulfamethoksazoli, ambayo kitaalamu huitwa kotrimoksazoli, na ambayo Afrika Mashariki nzima inaijua kwa jina la Septrin. Mapafu yao yalishindwa kufanya kazi. Visa vingine vya namna hiyo vilikusanywa baadaye, na miongoni mwa walioathirika wapo waliokuwa wakitibiwa chunusi, na wapo waliokuwa wakitibiwa maradhi ya njia ya mkojo. Mwendo wa ugonjwa ulifanana. Siku chache au wiki chache baada ya kuanza dawa, mgonjwa hukohoa, huhema hata akiwa amekaa kitako, kisha hushindwa kupumua bila ya mashine. Utando mwembamba wa ndani ya vifuko vya hewa huharibika, na mwili huchelewa mno kuuotesha upya. Wapo waliopona kwa taabu, wapo waliohitaji kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine, na wapo waliofariki. Tahadhari ya jambo hili sasa imo katika maelezo rasmi ya dawa hiyo nchini Marekani, nayo inataja waziwazi kwamba yametokea hata kwa watu waliokuwa na siha njema.

Jambo hili ni la nadra sana. Mamilioni ya watu wamemeza kidonge hicho bila ya kudhurika. Na hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo si la madaktari peke yao. Neno nadra humwambia nini yule aliyefikwa? Je, dhara likiwa la mmoja katika maelfu kwa maelfu, huwa dogo kwa sababu ya uchache wake? Na anayetoa dawa akijua kwamba uko uwezekano huo mdogo, anadaiwa nini na mtu aliyesimama mbele yake?

Kabla ya kulijibu swali, haki ya dawa yenyewe itolewe. Septrin si adui. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini katika wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, miongoni mwa watu walioishi na virusi vya UKIMWI wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia. Waliopewa kidonge cha kotrimoksazoli kila siku, vifo vyao vilipungua kwa takriban asilimia 46. Ni kidonge cha bei ndogo, kisichohitaji jokofu, na kwa miaka mingi kimesimama kama ngao baina ya watu hao na nimonia, kuhara na malaria. Asingekuwa mwadilifu mtu ambaye, kwa kusikia habari za vijana watano, angekwenda kukisema vibaya kidonge hicho mbele ya mama wa Tororo aliyepona kwacho.

Lakini kidonge ni kile kile, na mizani ni mbili. Kwa yule aliyekuwa ukingoni mwa kaburi, hatari ya nadra ni bei ndogo ya uhai. Kwa kijana mzima anayesumbuliwa na vipele, upande wa pili wa mizani haupo uhai, upo uso. Dawa haina uzito wake peke yake. Uzito wake hutokana na kile inachopimwa nacho. Mwenye kusema kwamba Septrin ni salama, akanyamaza, amesema nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kuuliza: salama kwa nani, na kwa ajili ya nini?

Watu wa Tabora wana urithi wa kulifikiria jambo hili, kwa sababu mji wao ulikuzwa na njia ya misafara, na msafara ulikuwa na hesabu yake. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaivuka nyika ya Mgunda Mkali iliyoogopwa kwa ukame wake, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ilipo. Hapo iligawanyika: tawi moja likaenda magharibi kupitia Uvinza penye chumvi hadi Ujiji, jingine likaelekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mahali hapo walipaita Kazeh, na walikuta tayari wafanyabiashara Waarabu wamejenga na kustakimu. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akichukua frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani au kichwani.

Mpagazi alipougua njiani, ndui kwa mfano, mara nyingi aliachwa. Hapana haja ya kudhani kwamba kila kiongozi wa msafara alikuwa katili. Maji yalikuwa machache, chakula kilikuwa cha kupimwa, na kusimama kwa siku mbili katika Mgunda Mkali kungeweza kuwaangamiza wote. Hesabu ilisema: mmoja abaki ili mia wafike. Na msafara ulipofika Unyanyembe ukahesabiwa, ulihesabiwa kwa pembe na kwa vitambaa vilivyofika. Aliyebaki chini ya mti hakuwa na pa kuandikwa.

Hesabu hiyo haijafa. Imebadilisha mavazi tu. Inapotamkwa kwamba dawa fulani haina matatizo isipokuwa kwa nadra, mara nyingi ni sauti ya msafara inayosema: tumefika. Wengi wamefika kweli, na kufika kwao ni neema. Lakini wahenga walishasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeko nje ya mapafu yanayokauka huona takwimu. Aliyeko ndani yake haoni kitu kingine ila pumzi inayofuata. Mtu hafi kwa sehemu moja ya elfu kumi. Hufa mzima.

Hapa yafaa kutofautisha makosa mawili ambayo kwa nje hufanana. Katika njia hiyo hiyo alipita David Livingstone na dawa zake. Vidonge alivyovitengeneza kwa ajili ya homa vilichanganya kwinini na dawa za kuharisha, na mojawapo ilikuwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Leo kila mwanafunzi wa kemia anajua kwamba zebaki ni sumu. Livingstone alivimeza mwenyewe na akawapa wenziwe, kwa imani moja. Sanduku lake la dawa lilipoibwa Januari 1867, alihisi kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Na alipokaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, katika tembe ambalo leo ni makumbusho, alikuwa mtu aliyekwisha dhoofu kwa maradhi ya miaka. Nani atamlaumu kwa zebaki ile? Hakuficha alilolijua, alitoa alichoamini, na alikunywa katika kikombe hicho hicho.

Kutojua, basi, kuna udhuru wake. Kosa la pili halina. Nalo ni la yule ambaye habari imeshamfikia, au ingemfikia lau angeinua mkono kuipokea, naye akaona si lazima kuipitisha mbele. Kabla ya kujulikana kwamba Septrin yaweza, kwa nadra, kuyaharibu mapafu ya kijana mzima, daktari aliyeiandika kwa chunusi hakuwa na hatia. Baada ya kujulikana, kidonge ni kile kile, mkono ni ule ule, lakini tendo limebadilika. Elimu humwongezea mtu deni bila ya kumwomba ridhaa.

Ziko pingamizi mbili zinazostahili kusikilizwa.

Ya kwanza inasema kwamba chunusi ni jambo dogo, na kijana anayetafuta dawa ya uso amejitakia mwenyewe. Hii ni pingamizi ya mtu aliyesahau ujana wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msichana wa sekondari anayekaa dawati la nyuma ili asitazamwe, au mvulana anayejikwaruza uso hadi ukabaki na makovu, hafanyi israfu anapotaka kutibiwa. Uso ndio mlango ambao mtu huingia nao katika jamaa. Kutaka kuutengeneza si dhambi wala si upuuzi. Na tiba zipo ambazo hazimpeleki karibu na hatari hiyo: ziko dawa za kupaka kama benzoili peroksaidi, na ziko nyingine za kumeza, kama doksisaiklini, ambazo huwekwa mbele. Kotrimoksazoli katika chunusi ni dawa ya akiba, ya pale nyingine ziliposhindwa. Kwa hivyo heshima kwa kijana haiko katika kumdhihaki kwa kutaka uzuri, wala katika kumpa chochote kilicho karibu ili aondoke. Iko katika kumpimia kwa mizani ya haja yake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba watu wakiambiwa kila dhara la nadra, wataogopa dawa zote, na hofu itaua wengi kuliko dawa. Tanzania inayo kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 2001 nchi iliiacha klorokwini, iliyokwisha kushindwa na vimelea vya malaria, ikaweka mahali pake mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, uliojulikana kwa wengi kama Fansidar au SP, mpaka dawa mseto ilipochukua nafasi hiyo kuanzia mwisho wa mwaka 2006. SP nayo ina salfa ndani yake, kama Septrin, na kwa nadra huweza kumbabua mtu ngozi na utando wa midomo na macho kama aliyeungua kwa moto. Habari zilienea, na wapo wazazi waliowanyima watoto wao dawa hiyo katika nchi ambayo malaria iliua watoto kila siku. Hofu ile haikuwa ya kubuni, na madhara yake hayakuwa ya kubuni pia.

Lakini chanzo cha hofu hutazamwa kwa haraka mno. Hofu haitokani na kuambiwa. Hutokana na kuambiwa na jirani kile ambacho aliyetoa dawa alikinyamazia. Mtu aliyesikia kwa mganga wake kwamba dhara lipo, kwamba ni la nadra, na kwamba dalili zake ni hizi na afanye hivi zikitokea, anakwenda nyumbani na habari kamili. Aliyeisikia kwanza kisimani, baada ya maziko, anakwenda nyumbani na tuhuma, na tuhuma haichagui. Huiangukia dawa hii na ile, na chanjo, na hospitali yenyewe. Ukimya unaokusudiwa kuilinda imani ndio unaoila kwa ndani, kama mchwa na boriti.

Tazama jinsi dawa inavyotoka mkononi hadi mkononi katika miji iliyo juu ya njia ile ya kale, na katika miji mingine mingi ya nchi hizi. Vidonge huhesabiwa kutoka katika kopo kubwa, hutiwa katika kibahasha, na juu yake huandikwa tarakimu mbili: vingapi, mara ngapi kwa siku. Karatasi ya maelezo hubaki ndani ya kopo. Maneno yote ambayo watu wameyapata kwa miaka ya uchunguzi, na mengine kwa gharama ya uhai wa vijana, yanasafiri maelfu ya kilomita na kukoma hatua moja kabla ya kumfikia anayehusika. Wala hayahitaji kuwa mengi. Sentensi moja ingetosha: ukianza kukohoa, au kuishiwa pumzi, au kutokwa na upele, acha dawa na urudi upesi. Sentensi hiyo haigharimu fedha. Inagharimu kumtazama mtu usoni.

Hilo la kutazamana linamkumbusha mtu habari za Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa utabibu huko Malta. Aliipita njia ya misafara kutoka pwani, akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1889, na akabaki huko akiganga watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 katika mahali pamoja. Mganga wa namna hii hawezi kujificha nyuma ya neno nadra. Aliyemdhuru leo atakutana na mama yake kesho sokoni. Mpita njia huuza dawa na kuondoka na msafara. Mkaazi hubaki na matokeo ya mkono wake. Pengine adili yote ya utabibu, na ya biashara ya dawa, ni kumtaka mpita njia atende kama mkaazi.

Na bado lipo deni jingine, ambalo halimalizwi na sentensi ile moja, nalo ni la kuandika. Dhara la nadra lina tabia ya kujificha ndani ya majina ya kawaida. Kijana akifa kwa kukosa pumzi, ni rahisi kusema alikufa kwa nimonia, au kwa kifua, au kwa mapenzi ya Mungu. Na hakuna atakayekumbuka kibahasha cha wiki mbili nyuma. Mambo haya hujulikana pale tu mtu anapokaa chini akahesabu. Mwaka 1991 madaktari waliokuwa wakitibu kifua kikuu Nairobi walichapisha walichokihesabu kuhusu thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyotumika Afrika Mashariki kwa miongo mitatu. Miongoni mwa wagonjwa wasio na virusi vya UKIMWI, aliyepatwa na madhara ya ngozi alikuwa kama mmoja katika mia. Miongoni mwa wenye virusi, alikuwa kama mmoja katika watano, na wengine walikufa kwayo. Kilichokuwa nadra kwa kundi moja hakikuwa nadra kwa jingine. Lau wasingehesabu, neno nadra lingeendelea kuwafunika wote. Baada ya hesabu ile, dawa hiyo ikaacha kupewa wenye virusi. Waliookoka hawakujua majina ya wale ambao kufa kwao kuliandikwa.

Tanzania imo katika mpango wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa tangu mwaka 1993, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara kutoka kwa watoa huduma na kwa wagonjwa wenyewe. Taarifa hizo hukusanywa pamoja na za nchi nyingine katika mji wa Uppsala, Sweden. Njia ipo. Inachohitaji ni wapagazi.

Na juu ya wapagazi, Tabora ina kisa ambacho hakistahili kusahauliwa. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao hawakumwacha. Waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe mnamo Oktoba mwaka huo walimkuta Cameron, Luteni wa Kiingereza, aliyewashauri wauzike hapo hapo, kwani njia ya mbele ilikuwa na hatari. Walikataa. Waliendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Atakuwapo wa kusema kwamba alibebwa kwa kuwa alikuwa mkubwa, na kwamba hakuna aliyembeba mpagazi wa ndui chini ya mti wake katika Mgunda Mkali. Ni kweli, na ukweli huo haufai kupambwa. Lakini waliobeba walikuwa wapagazi, watu walioijua hesabu ya msafara kuliko mtu yeyote, na mara hiyo waliikataa. Walionyesha kwamba mmoja anaweza kubebwa. Lililobaki ni kuamua ni nani anayestahili.

Aliyeanguka kwa dawa ya chunusi hana haja ya kubebwa mwili. Anahitaji habari yake ibebwe: itoke kitandani mwake hadi kwa aliyemwandikia dawa, itoke hapo hadi kwenye daftari la nchi, kisha irudi kwa njia ile ile, sentensi moja, hadi kwa kijana mwingine anayesimama mbele ya kaunta akificha shavu lake kwa kiganja. Huyo wa pili hatalijua jina la wa kwanza. Atapewa dawa inayomfaa, au atapewa hiyo hiyo pamoja na onyo lake, na atakapokohoa usiku wa tano atajua la kufanya.